Hatua Tatu, Kisha Kushoto

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na umfikishie mama shikamoo yake. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba bado mnagombania redio. Mimi ni mzima, ila sauti imenikauka kwa shangwe. Tafadhali msomee mama barua hii yote, usiruke hata mstari.

Wanafunzi wangu unawajua: wale wafuaji kumi na wawili wa nguo za hospitali, wageni wanaojifunza lugha yetu kila Jumatano wakitoka zamu. Kwa miezi mitano waliandika vizuri, lakini ukiwauliza jambo, kimya. Mmoja wao alijibu kila kitu kwa kutikisa kichwa, wenzake wakambandika jina la Bibi Kimya. Mwezi uliopita mkuu wa kituo chetu cha masomo akaniambia mkaguzi anakuja, na akikuta hawasemi, darasa linafungwa.

Nikafanya jambo ambalo kwalo wewe ungenifinya sikio. Nilikusanya madaftari nikayafungia kabatini, nikatapanya viti na ndoo za maji chumba kizima, nikawagawa timu mbili. Mmoja anafungwa taulo machoni, wenzake wanamvusha kwa maneno tu. Ukimgusa, timu yako inapoteza pointi. Siku ya kwanza walipiga kelele wote kwa pamoja, na mpiga pasi, mtu wa miraba minne, akakalia ndoo. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Basi wenyewe wakatunga sheria: anasema mmoja, na kila kiti kikipitwa, zamu inahamia kwa mwingine. Hapo hata Bibi Kimya hakuwa na pa kujificha.

Juzi mkaguzi akaja, uso ameukunja. Alitazama kidogo, akasema hawa wamekariri njia. Kabla sijafungua mdomo, Bibi Kimya alikuwa ameshahamisha viti vyote. Akachukua taulo, akamwambia mkaguzi avue miwani. Baba, alimfunga kweli! Akamwongoza mwanzo hadi mwisho kwa lugha yetu, na mzee wa watu alipotaka kuharakisha, akamkemea asimame asikilize kwanza. Suruali ya mkaguzi ilitoka kavu. Darasa halifungwi, ameagiza lifunguliwe la pili, na niwafundishe walimu wenzangu mchezo huo.

Sasa niungame. Mkaguzi aliponiuliza mchezo nimeutoa wapi, nilisema kitabuni. Niliona haya kusema nimeutoa nyumbani. Macho ya mama yalipozimika, nilikuwa nikijibanza nyuma ya mlango wa jikoni nikikusikiliza. Wewe, mwalimu uliyetaka darasani asisikike hata nzi, ulikuwa ukimwambia hatua tatu, kisha kushoto, angalia kizingiti. Hukumshika mkono, maana alikataa kushikwa kama mtoto. Sikuwahi kukwambia kwamba niliamua kuwa mwalimu nikiwa pale nyuma ya mlango. Jumatatu, mafunzo ya walimu yakianza, nitamwambia mkaguzi ukweli, na walimu wote wasikie.

Mwambie mama kwamba aliyevuka salama huambiwa na timu nzima maneno yale yale uliyokuwa ukimwambia yeye: umefika, keti, kiti ni chako.

Nawabusu mikono nyote wawili.

Binti yenu mpiga domo,
Kasuku