Wazo Linalosema "Mwangushe"

Pakokku, 4 Juni 1957

Dada Wimala,

Pokea heshima zetu. Mafua yako yamepoa? Watawa wenzako hawajambo? Hapa mama mkwe anasokota sigara zake, mume wangu Ko Thaung yuko melini kuelekea Mandalay, na Phyu ametimiza miezi miwili, mnene kama boga.

Mimi ndiye si mzima. Juzi nilisimama barazani nimembeba Phyu, na unajua nyumba yetu ya nguzo ilivyo juu. Wazo likaniambia: "Mwangushe." Dada, sikulitaka! Nampenda hadi kifua kinauma. Sasa linakuja nikiona kisu, nikiona ndoo ya maji. Nimesingizia mkono unauma ili mama mkwe ambebe. Mimi namnyonyesha tu, nimekaa sakafuni, mgongo ukutani. Mama gani mimi? Soma, kisha uchome.

Mdogo wako,
Mya Yin

Sagaing, 15 Juni

Mdogo wangu,

Mafua yamekwisha, kimebaki kikohozi. Barua nimeichoma.

Anayetaka kumwangusha mtoto hakai na mgongo ukutani. Unaogopa, mpenzi. Ila usibaki peke yako na jambo hili: mwambie mama mkwe. Ukiona wazo linageuka nia, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Huku tunafundishwa kulitazama wazo likiingia. Usilifukuze, usilitii. Lidadisi, kama utotoni ulivyomfuata konokono mchana kutwa. Limekaa wapi mwilini? Lina moto au baridi? Linaondokaje? Litaje tu: "wazo, wazo." Kisha rudi kwenye pumzi.

Dada yako,
Wimala

Pakokku, 27 Juni

Dada,

Sijambo ya mdomoni tu. Nililiuliza limekaa wapi, likaja na wenzake! Likanikaba koo, nikamwacha mtoto mkekani nikakimbilia uani.

Kumwambia mama mkwe siwezi. Jana kasema, "Mkono gani huu usiopona? Au umemchoka mjukuu wangu?" Anataka kumwita mganga wa mizimu. Akijua, ataninyang'anya Phyu. Usiandike kwanza; Ko Thaung anarudi, naye husoma kila barua.

Mdogo wako,
Mya Yin

Sagaing, 9 Agosti

Mya Yin,

Umenikataza kuandika, naandika. U hali gani? Phyu je? Meli zinapita, barua hakuna. Nikikaa kutafakari nasikia kishindo chini ya baraza yenu. Nalitaja, "wazo, wazo," linatulia, linarudi. Kumbe ni kazi nzito hata kwangu mwenye kichwa kilichonyolewa.

Usipojibu, nitaomba ruhusa nipande meli. Andika neno moja tu: wazima.

Dada yako

Pakokku, 20 Agosti

Dada,

Wazima.

Mvua ilinyesha, mama mkwe akateleza ngazini, kifundo kikateguka. Phyu alikuwa kapuni barazani, analia, na hapakuwa na mtu mwingine. Nikamwinua. Hapohapo: "Mwangushe." Nilitaka kumrudisha kapuni nikimbie, lakini nikalitazama. Likabana kooni, likashuka kifuani, moto. Nikaitazama mikono. Dada, mikono ilikuwa imemkumbatia Phyu kwa nguvu mpaka amekasirika! Wazo linasema lake, mikono inafanya yake. Nikashangaa. Kwa mara ya kwanza nilishangaa kuliko nilivyoogopa. Nikaketi papo hapo, mvua ikitulowesha.

Mama mkwe akapaza sauti kutoka ngazini: "Wee! Leo mkono umepona?"

Nikashuka na Phyu, ngazi moja moja, nikamwambia yote. Akakiachia kifundo, akanikazia macho. Nikajua yamenikuta.

Kisha akasema, "Mimi kwa Thaung ilikuwa jiko. Kila nikipuliza moto, naona nimemtia humo. Sikumwambia mtu, hata baba yake."

"Ukafanyaje, mama?"

"Nikala chakula baridi kwa miezi, mjinga mimi!"

Tukacheka huku tunalia, Phyu akitukodolea macho.

Halijaondoka, dada. Likija namwambia mama mkwe, "Limefika," naye huuliza, "Leo limekaa wapi?" kama anayeuliza habari za shangazi asiyependwa. Mara nyingine bado linanitetemesha. Mara nyingine, kabla sijajibu, limeshakwenda.

Usije kwa hofu. Njoo umwone mwanao. Na usiucheke mwandiko: mkono mmoja unaandika, wa pili umembeba.

Mdogo wako,
Mya Yin