Herufi Kubwa kwa Ajili ya Baba

Gongoni, Tabora
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Nasri,

Shikamoo. Natumaini huko Maskati mnaendelea salama, na kikohozi cha wifi Maua kimepona. Mimi mzima. Mama naye hajambo, ila magoti humsumbua asubuhi. Habari ya baba ndiyo iliyonikalisha niandike.

Ile tovuti uliyotutengenezea kabla ya kuondoka, yenye picha za milango aliyoichonga baba, ilikuwa inamshinda kusoma. Mandhari uliyoichagua, yaani ule mwonekano wa kurasa zake, ina herufi ndogo za kijivu juu ya weupe. Sisi tuliiona nzuri. Kumbe presha ya macho ilikuwa ikimla polepole, nasi tukidhani ni miwani tu.

Akaniomba, "Najiat, nikuzie maandishi. Nataka niione kazi yangu yote."

Nikaingia kwenye faili la mipangilio kama ulivyonifundisha. Nilipobadili ukubwa wa herufi, tovuti nzima ikagoma. Nimehangaika mno, kumbe niliacha nafasi iliyozidi mwanzoni mwa mstari, na programu inayoendesha tovuti haisamehe. Nikaitoa, mandhari nayo ikapuuza rangi nilizoandika. Kila jioni baba aliuliza, "Bado?" Nami, "Bado kidogo, baba." Huku daktari wa macho alikuwa ameshatuambia kwamba uoni uliopotea haurudi.

Jumanne ikakubali. Ukurasa mweusi, maandishi meupe makubwa, milango imejaa kioo kizima. Nikamshika baba mkono, nikamketisha mbele ya kompyuta. Kisha akauliza, "Umeshaiwasha?"

Ilikuwa inawaka, kaka. Akanyoosha mkono, akapapasa kioo akitafuta nakshi. Vidole vikateleza tu.

"Laini sana hii," akasema. "Mimi sijawahi kuchonga kitu laini hivi."

Tangu hapo haulizi tena. Patasi zake amempa Masolwa, fundi wa jirani, na karakana tumeifunga. Tovuti bado ipo hewani, mimi siifungui.

Ukipata ruhusa kazini, njoo. Usije na dawa wala miwani, hayo yamekwisha. Njoo ukae naye barazani uongee, maana sauti yako bado anaijua.

Mama anakusalimu sana, na shangazi Sikuzani pia. Mwenyezi Mungu awahifadhi ugenini na atupe sote subira.

Mdogo wako akupendaye,
Najiat