Usituambie Tena Habari za Goti

Nyumbani,
Mlango wa pili nyuma ya duka la misumari.
Jumatatu, 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Hujambo? Mgongo je, umepungua kuuma, au bado unainama siku nzima kwenye hizo mashine za kufulia? Sisi tu wazima wa mwili. Mtoto amepona kikohozi na ameota jino la mbele, basi kila anayembeba anang'atwa. Mimi mwenyewe sijambo, ila nina hasira, na nisipozitoa hapa nitamtolea mteja.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwenye karatasi kama watu wa zamani. Simu yangu haina siri tena. Shemeji yako anasikiliza kila ujumbe wa sauti unaonitumia, na mara nyingi anausikiliza kabla yangu.

Nilikuwa nikifurahi, nikidhani anakupenda. Unatusimulia jinsi unavyofua na kukunja jezi za wachezaji wenu wa kikapu, nani kakufokea kwa ajili ya soksi, nani kakupa viatu, nami nacheka peke yangu kwenye cherehani. Kumbe mume wangu anayachukua maneno hayo hayo, anayapeleka kinyozini kwake na kuyabetia. Ukisema kocha kanuna, anabeti mtafungwa. Ukisema mmefika salama, anabeti mtashinda.

Mwanzoni alibeti peke yake, na kila alipoliwa hela yake alikuwa na sababu. Mara ndege yenu ilicheleweshwa na theluji, wachezaji wakaingia uwanjani na usingizi. Mara refa ana chuki. Siku moja mlishinda kabisa, kaka, na bado akaliwa, kwa kuwa alibeti mtashinda kwa pointi kumi, na kocha akaingiza chipukizi wa benchi dakika za mwisho, wakaachia vikapu viwili vya kijinga, mkashinda kwa nane tu. "Bahati mbaya tu," akaniambia, na akala chakula chote. Yeye hajawahi kukosea hata siku moja. Ni dunia nzima inayomwonea.

Sasa sikia la wiki iliyopita. Ulinitumia ujumbe kwamba yule mchezaji wenu mrefu aliyeumia, goti lake limepona, kwamba ulimwona mazoezini akiruka vizuri. Shemeji yako hakunywa hata chai. Alikimbia kazini, akaandika kwa kipande cha sabuni kwenye kioo kikubwa, GOTI LIMEPONA, na kila aliyekalia kiti cha kunyolea aliambiwa, "Shemeji yangu anafua jezi zao. Hii si kubahatisha." Wakabeti wote: fundi baiskeli, mlinzi wa benki, hata mwalimu wa hesabu, ambaye ungetegemea ajue hesabu.

Mechi zenu za usiku huku kwetu ni asubuhi, kwa hiyo nilikuwapo kinyozini wakitazama kwenye runinga, nimepeleka mashuka ya kunyolea niliyoyapiga pindo. Na kweli goti lilikuwa zima. Yule bwana alifunga mfululizo hadi mlinzi wa benki akasimama kucheza na povu mashavuni. Halafu, katikati ya mchezo, mrefu akaitwa pembeni, akanong'onezwa, akatoka mbio na jezi mwilini. Mtangazaji akasema mkewe kashikwa na uchungu. Hakurudi tena. Mkafungwa.

Kaka, ungewaona wale wanaume. Walimlaani mtoto ambaye hata kitovu hakijakatwa. Mwalimu alisema mtoto angesubiri walau nusu saa. Nikawauliza, je, amejifungua salama? Wa kike au wa kiume? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyetaka kujua. Shemeji yako akafuta kioo, akasema ni bahati mbaya. Nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba mtu kupata mtoto si bahati mbaya, na kama kuna mkosi humu ndani, basi ndiye huyo aliyeshika mashine ya kunyolea. Tangu siku hiyo tunazungumza kwa kumtuma mtoto, naye hajui kusema.

Hilo ningelimeza. Lisilomezeka ni hili. Alhamisi alikuja mgeni kinyozini, shati limenyooka, akakaa anyolewe nywele ambazo hazikuwa zimekua. Akasema ana wenzake wanaobeti pesa nyingi, na wangependa kusikia mapema yanayosemwa huko chumba cha kufulia, kwa malipo. Shemeji yako akampa namba yako; fundi baiskeli alikuwapo, ndiye aliyeniambia. Wewe uliniambia mwenyewe siku ulipopata kazi: ulitia sahihi kwamba neno la ndani halitoki, na likitoka unafukuzwa, na kesi juu yake. Miaka sita unafua majasho ya watu, na mtu anakuuza huku akikung'uta nywele kwenye shuka.

Na mimi si msafi. Kabla sijajua lolote, mgeni huyo alipita kwangu akitaka suruali ifupishwe. Ana maneno matamu. Akaniuliza kuhusu kaka yangu aliye mbali, nikajisahau, nikamtajia hata jina ambalo marehemu mama alikuwa akikuitia udogoni. Tulicheka pamoja. Nilipokuja kujua ni nani, suruali yake ilikuwa bado kwenye cherehani. Sasa ni matambara ya kupigia deki.

Shangazi anakusalimu sana, miguu yake inamsumbua lakini mdomo ni mzima. Jirani yetu fundi viatu anakusalimu pia, anauliza utakuja lini. Mungu akulinde, akulindie na mkate wako, maana sisi ndugu zako tumeshindwa kuulinda.

Badilisha namba siku hiyo hiyo utakayoipata barua hii. Kabla hujabadilisha, mtu akikupigia na kukuita kwa lile jina alilokuitia mama, usiitike, kata simu. Na mimi nikikupigia nikaanza kukuuliza nani kaumia na nani kapona, ujue shemeji yako amekaa kando yangu. Nikatie na mimi.

Nikupendaye daima,
Mdogo wako, fundi cherehani.