Mkanda wa Breki Niliouchagua kwa Kava

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, fundi wa misumeno ya mashine, ile ya kukatia miti, niko kwenye karakana ya baba yangu mdogo ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na kwa kweli ni mtu mzuri ila ana mdomo, na mdomo wenyewe haujui likizo, na mwaka jana nilimsumbua miezi mitatu mpaka akakubali tuweke kompyuta yenye programu ya katalogi ya spea, unaandika aina ya msumeno, inakuletea mchoro wake wote umefumuliwa, kila skrubu na namba yake, unachagua, unaagiza, basi. Yeye desturi yake ni kuweka spea ya zamani na mpya mezani, ubavu kwa ubavu, anazipapasa kwa kidole gumba ndipo afunge, na mimi nilimcheka mbele ya mafundi wenzangu, nikasema baba, hayo ya kupapasa yamepitwa na wakati, kompyuta haikosei, naye akanijibu, "Siku ikikosea hiyo runinga yako naitupa nje, na wewe utakaa nayo huko huko."

Sasa wiki iliyopita mume wa rafiki yangu, shemeji yangu, mkata miti na mteja wetu wa miaka, alileta msumeno wake mkanda wa breki umekatika, ule mkanda wa chuma unaofanya mnyororo usimame papo hapo mashine ikimrukia mtu usoni, mimi nikasoma jina kwenye kava, nikaliandika, mchoro ukaja, namba ikaja, mkanda tulikuwa nao stoo, nikaufunga, ulikaza kidogo nikaugongagonga kwa mpini wa bisibisi ukaingia, na kwa kuwa shemeji alikuwa na haraka nilisukuma breki mashine ikiwa imezimwa, nikasikia "ka!", nikaridhika, akaondoka zake.

Siku nne baadaye nasafisha meza naukuta mkanda wake wa zamani kwenye kopo, nikauweka jirani na mwingine wa namba ile ile niliyomfungia, mshauri, ule mpya ni mwembamba kwa upana wa ukucha, tena mfupi kidogo, ndiyo maana ulikaza! Nikafungua daftari la mapokezi nikachukua namba iliyogongwa kwenye bodi ya msumeno, ile ambayo programu huiomba kila siku na mimi huiruka, nikaiandika, ukaja mchoro mwingine kabisa. Kava lile halikuwa la msumeno ule, limetoka wapi Mungu ndiye anajua.

Nilimtumia shemeji ujumbe, "Mashine inaendeleaje?" akajibu "Moto!" nikajifariji. Leo ni siku ya pili, chakula hakipiti. Nikisema ukweli rafiki yangu atajua nilimkabidhi mumewe kifo mkononi, na baba mdogo kompyuta ataitupa na mimi nitakuwa kichekesho mpaka nizeeke. Nimewaza nimwambie shemeji kwamba mwezi huu kuna huduma ya bure, aulete nibadilishe kimya kimya. Je, nitakuwa nimekosea? Barua naileta mwenyewe mapokezi kwenu, namba yangu iko nyuma ya bahasha, jina usilitoe tafadhali.

Mimi, fundi niliyekosa raha.

JIBU

Wasomaji wangu, kabla hamjaanza kunipigia simu: shemeji mzima. Vidole kumi, pua mahali pake. Sasa niacheni niongee na huyu dada.

Dada, barua yako niliisoma nimesimama, na sikungoja gazeti litoke. Nilikupigia hapo hapo, nikakukaripia, na sijutii. Unajua mtu ana msumeno wenye breki ya uongo, unakaa siku mbili unatunga huduma ya bure! Bure gani? Angekwambia ataleta Jumatatu, Jumamosi na Jumapili angekatia nini? Na hospitalini ungemwambia nini rafiki yako, kwamba ulikuwa unatafuta maneno mazuri? Nilikwambia kata simu yangu, mpigie yeye, sema maneno mawili tu: usiwashe msumeno.

Ukampigia. Ukanirudia unalia na kucheka kwa pamoja, hata sikukuelewa mpaka ulipopumua. Kumbe hajauwasha tangu atoke kwenu! Mwenye nyumba aliyetaka mti ukatwe alighairi, msumeno ukakaa chini ya kitanda siku zote hizo, na ile "Moto!" ndivyo shemeji anavyojibu kila kitu, umuulize habari za mkewe, umuulize za viatu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka wenzangu ofisini wakageuka.

Lakini usijidanganye. Hukuokolewa na akili yako, umeokolewa na mwenye nyumba asiyejua anataka nini.

Haya, makaripio yametosha. Kosa uliligundua mwenyewe bila mtu kukuonyesha, na wengi wangefunga kopo wakaenda zao. Na programu haikukosea, mama. Iliuliza namba ya bodi, wewe ukaipa jina la kava. Ni kumpimia mtu suruali kwa kofia yake.

Kuanzia leo, msumeno ukifika usiangalie kava, futa vumbi, soma namba iliyogongwa kwenye bodi, hiyo ndiyo uiandike. Spea mpya iweke mezani na ya zamani, upapase bila aibu. Ikigoma kuingia, weka bisibisi chini urudi kwenye mchoro. Na breki ijaribu mnyororo ukizunguka, hata kama mteja anaangalia saa kila dakika.

Likabaki la baba mdogo. Ulitaka kulikwepa, nikakukatalia: mwambie yote, leo, kwa mdomo wako, kabla shemeji hajafika na msumeno. Juzi nikapiga kujua ulivyofanya, simu akapokea yeye. Nikajiandaa kuitetea kompyuta. Akaniambia ulimweleza mbele ya mafundi wale wale uliomcheka mbele yao, na kwamba alifungua mdomo aanze, akakusikia ukitaja lile kava, akaufunga. Alilijua. Miaka miwili iliyopita kava la shemeji lilipasuka, yeye akavua la msumeno mbovu uliokuwa pembeni akalifunga hapo, rangi ni ile ile, wala hakumwambia mtu. Siku mbili hukula, unamwogopa mtu ambaye nusu ya kosa ni yake!

"Kompyuta inabaki," akasema. "Tumeisogeza karibu na meza yangu. Naye siku hizi anapapasa, namwona." Mashine zilikuwa zinanguruma nyuma yake, akapaza sauti. "Jina la mwanangu usilitoe gazetini. Ila hilo la kava liandike. Andika kwamba nililifunga mimi."

Nimeandika, mzee.