Jina la Nne

Jumatatu, 5 Oktoba 1970. Darsait.
Miaka sita na miezi saba tangu nitoke Unguja. Asubuhi kama kawaida: kahawa, tende tatu, kisha kurasa mbili za tafsiri ya kitabu cha tarikh ya Wazungu wa kale. Nimemaliza nasaba ya yule mfalme wa kwanza wa Wasaksoni wa Magharibi. Jina lake si la Kisaksoni, ni la wenyeji waliotekwa. Waandishi wa vizazi vya baadaye waliona haya, wakaazima mababu wa wafalme wa kaskazini, wakamfikisha hadi Woden, mungu wao wa kale. Miaka ishirini nimelisomesha jambo hili Unguja. Kila mwaka darasa lilicheka. Nami nilicheka.

Mchana kaja Seif, bin ammi wangu. Sheikh wa kabila ataniita wiki ijayo. Bila barua yake sina uraia wa nchi hii ya Waarabu, na binti yangu Zuwena hapati kazi ya ualimu aliyoahidiwa.

Jumatano, 7 Oktoba.
Sharti nikae sablani, ukumbi wa kabila, mbele ya wazee, nitaje babu zangu saba bila karatasi, bila kusita. Nikajaribu mbele ya Seif. Nassor bin Salim bin Khamis bin Faraji. Hapo akanikata. "Faraji muache."

Faraji alikuwa mtumwa. Aliachwa huru, akapewa kabila la bwana wake, akaishi Mwera, kule Unguja, akizipaka chokaa nyumba za watu. Kwetu hakufichwa. Kila Shaaban tulikwenda kulipaka chokaa kaburi lake, Seif ndiye mbeba ndoo. Sasa anataka niseme Mbarak, mtu wa huku aliyehamia Unguja akafa bila mtoto, na wa huku hawalijui hilo. Baada ya Mbarak njia nyeupe, mababu zake wanajulikana.

Nimemfukuza.

Alhamisi, 8 Oktoba.
Karudi. Kumbe yeye keshamtaja Mbarak tangu mwezi wa nane, na barua anayo. Nikisema Faraji, na yake inachanwa.

"Mwalimu mzima unashindwa kukariri jina moja?"
"Nilikusomesha tarikh, Seif. Sikukusomesha uongo."
"Haya. Mwambie Zuwena akaombe kazi kwa Faraji."

Zuwena alikuwa mlangoni na sinia ya kahawa. Kaiweka chini, kaondoka.

Kule Unguja waliniambia Mwarabu, nenda kwenu. Hapa muuza samaki wa Sidab ananiita Mzanzibari, na anavyolitamka ni tusi. Nna hasira na wale. Nna hasira na hawa. Seif namchukia zaidi ya wote, kwa sababu kuhusu Zuwena kasema kweli.

Jumatatu, 12 Oktoba.
Nimesema Mbarak.

Sikusita. Hilo ndilo linaloniuma. Sauti ilitoka ile ile ya darasani, safi, jina baada ya jina. Sheikh akaniapisha, nikaapa. Kisha akaniangalia kwa mapenzi. "Baba yangu akisimulia kuwa Mbarak alikuwa na paji pana. Umelirithi." Wazee wakaitikia: damu haipotei. Seif naye kaitikia, mnafiki. Barua nikapewa kabla kahawa haijapoa.

Nimefungua daftari la tafsiri, nimelifunga. Miaka ishirini ya kucheka. Labda na waandishi wale walikuwa na mabinti.

Jumatano, 14 Oktoba.
Sikuandika kitu. Sikutafsiri kitu. Seif kaleta halua. Nimewapa jirani.

Ijumaa, 23 Oktoba.
Zuwena kaanza kazi juzi. Karudi na chaki kwenye mkono wa nguo, anacheka. Hajacheka hivyo tangu tutoke.

Leo khitma ya Shaaban nyumbani kwa Seif. Kasoma majina ya maiti wetu. Salim, Khamis, kisha moja kwa moja wanawake. Wageni walikuwepo. Nami niliitikia amina.

Baada ya Alasiri nimemsomea Faraji Fatiha, peke yangu, kwa jina lake. Kaburi lake halijapakwa chokaa tangu mwaka tulioondoka. Nilikuwa nikijiambia iko siku ntakwenda kulipaka. Lakini nimeapa kuwa si babu yangu, na sijui ningesimama pale kama nani.

Unguja sirudi tena.