Binti Yangu Ananipenda kwa Jina Lisilo Langu

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi ipokee hivyo hivyo, maana mwenye shida hachagui wa kumwamkia. Naomba unisaidie, na ukitaka kunicheka, cheka kwanza umalize, ndipo unijibu.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa makamo, kitambi kinatangulia na miwani inafuata, na binti yangu wa kwanza nilimfundisha kazi mwenyewe tangu miguu yake haijafika kwenye kanyagio, akaiva kweli kweli, lakini mshauri, mdomo wangu ni mzito kwa sifa na mwepesi kwa kasoro, hivyo mwaka jana alishona koti la mteja, mkono wa kushoto ukakunjamana begani, kidogo tu, nami badala ya kumwita pembeni nikachukua wembe nikaufumua mbele ya mteja huku nasema, "Hii ndiyo kazi ya mwanangu, miaka yote hii!" Mteja akacheka. Binti alikunja futi yake ya kupimia akaitia mfukoni akaondoka, na sasa anashona kwenye karakana ya watu upande wa pili wa mji, amepanga chumba huko huko, Jumapili anakuja kumwona mama yake, mimi ananipa "Shikamoo baba," nami "Marahaba," basi, mazungumzo yameisha hadi Jumapili nyingine.

Upweke wa dukani ulipozidi nikajiunga na kundi la mafundi kwenye simu, watu wa kila mahali, kila mmoja na jina lake la kujitungia, nami nikajiita Sindano Butu kwa kuwa ndivyo nilivyojiona. Humo yumo mmoja anaitwa Pindo, na siku moja akaweka picha ya mkono wa koti anauliza kwa nini unamkunjamania, nikaitazama ile picha mara mbili, maana pini zimeanzia kwapani zikapanda begani, na upande wa mbele umetiwa duara dogo la chaki, na mshauri, hivyo ndivyo marehemu mama yangu alivyopachika mikono, nikarithi mimi, nikamrithisha mtu mmoja tu duniani.

Ningesema hapo hapo. Sikusema. Niliandika, "Hujakosea, kitambaa ndicho kigumu. Kipe mvuke wa pasi kwanza, kisha kishikize kwa uzi mrefu kabla ya kukipeleka kwenye cherehani, na usikivute."

Akajibu, "Asante mjomba Butu. Wewe unafundisha bila kuumiza."

Basi miezi minane sasa mimi ni mjomba Butu, nimemfundisha kola, mifuko na bitana, naye ananieleza ya kazini na ya moyoni, na ninamsifu hadi najishangaa maneno hayo nayatoa wapi, mke wangu akawa ananiambia, "Hiyo simu unaichekea kuliko ulivyonichekea siku ya harusi," lakini nilipomweleza ukweli aliacha utani, akasema, "Mtoto wako mwenyewe unamchungulia dirishani kama mwizi. Zunguka mlangoni, mume wangu."

Siku moja Pindo aliniuliza, "Mjomba, una watoto?" Nikaandika, "Sina." Akajibu, "Pole. Ungekuwa baba mzuri." Siku hiyo nilimshonea mtu suruali, zipu ikatokea nyuma.

Sasa kundini kuna mmoja anajiita Mkasi Mkali, ametukana kazi za wanaojifunza mpaka mkuu wa kundi amechoka, ametangaza kuanzia Jumamosi kila mtu atumie jina lake halisi, asiyetaka anatolewa, na Pindo kafurahi, ameniandikia, "Mjomba, hatimaye nitakujua! Nitakuja kukuonyesha koti langu." Je, nijitoe kimya kimya, abaki na kumbukumbu ya mjomba mwema, au niseme, nimpoteze kwa majina yote mawili?

Ni mimi, fundi mwenye hofu.

*

Fundi,

Marahaba, umri tutaupima siku nyingine. Kwenye zipu nimecheka. Kwenye "Sina" nimeiweka barua chini.

Unadhani kosa lako ni lile jina la kujitungia. Hata kidogo. Hakuna mtu kundini aliyeamini kwamba kuna mama alizaa mtoto akamwita Sindano Butu. Jina la namna hiyo ni kama aproni, kila mtu anaona umelivaa. Kosa ni binti kumuuliza baba yake kama ana watoto, na baba akajibu hana. Hilo hata ungelisema kwa jina la kwenye cheti cha kuzaliwa lingebaki uongo. Na kosa jingine, umekuwa ukipokea siri za moyo wake naye hajui anamsimulia nani. Hapo mkeo amekuambia kweli, wala hakuhitaji kuliandikia gazeti.

Halafu unaniletea habari za Mkasi Mkali! Yeye anawadhalilisha wanafunzi akiwa amejificha. Wewe ulimdhalilisha wako mchana kweupe, jina lako limepakwa rangi juu ya mlango wa duka. Mnafanana, ila wewe umejuta, na hilo si dogo.

Sasa futa miwani, imeingia ukungu. Yale maneno mazuri ya miezi minane hakukuazima mtu. Ni yako. Ulikuwa nayo, ukaona haya kuyasema kwa sura ya baba. Binti anadhani kuna mwanamume mmoja anayejua kufundisha bila kuumiza na mwingine anayejua kumzaa. Ana haki ya kujua kwamba ni mmoja.

Kujitoa kimya kimya, usithubutu! Tayari ana baba asiyesema naye. Unataka na mjomba awe bubu?

Ijumaa funga duka mapema, nenda chumbani kwake. Usimwandikie, usimtume mama yake. Piga hodi, kaa atakapokuonyesha, na kabla hajakuletea hata maji sema, "Mwanangu, Sindano Butu ni mimi, na nilikudanganya niliposema sina watoto." Kisha funga mdomo. Usijitetee, usimhadithie ulivyoteseka, hiyo ni zamu yake ya kuzungumza. Akimaliza, mwombe radhi kwa siku ile ya wembe, na umtaje yule mteja, ajue kwamba kile kicheko ulikisikia. Anaweza kukasirika, na atakuwa na haki yote. Akikutoa nje, toka, na Jumapili usingoje shikamoo. Msubiri mlangoni, umkaribishe wewe.

Lakini akikuacha ukae, muulize jambo moja. Mwambie kesho utaandika jina lako halisi kundini, na kwamba ungependa chini yake kuwe na maneno matatu: Baba yake Pindo. Akikubali, andika. Akikataa, andika jina lako peke yake, na hapo chini uache nafasi.