Bomba la Moshi la Shangazi

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Watoto na mama yao wazima? Mimi sijambo, ni macho tu yanayochoka, maana kutwa nzima nachonga meno ya bandia ya watu ambao hawakutaka kupiga mswaki. Shangazi naye hajambo? Mvua za mwaka huu hazijamtia kutu? Na mama, mguu wake unaendeleaje?

Kaa kitako kwanza. Kiwanda kimekubali!

Unakijua chama chetu cha watu wazima wanaocheza na treni. Cheka tu, hata shemeji yako hucheka. Kila mwaka tunapiga kura ya injini za mvuke tunazotamani watutengenezee ndogo za kuweka mezani, na orodha tunaipeleka kiwandani. Miaka kumi na moja nimeandika injini ile ile: namba 31, aliyoiendesha baba miaka ishirini na miwili, ambayo mafundi waliibatiza Shangazi kwa sababu ilikuwa ikiingia kituoni inafoka kabla haijasalimiwa. Na miaka kumi na moja wametengeneza za wengine. Kuna moja wameshaitoa mara nne, kwa rangi nne, kama gauni. Safari hii nimempigia debe Shangazi mpaka sauti ikakauka, na ameshika namba moja.

Ila mwenye kiwanda ana sharti. Michoro iliungua zamani pamoja na ofisi ya reli, na picha pekee tuliyo nayo, ile ya baba amesimama mlangoni, imemkata Shangazi kichwa. Anataka vipimo kutoka kwenye injini yenyewe. Nikamwambia hilo si tatizo: injini ipo, imesimama nyuma ya bohari ya karakana, na mtunza bohari ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nilitamka hivyo mbele ya watu ishirini na sita. Ungeniona nilivyokuwa nimevimba kichwa.

Basi chukua tepu, panda. Nataka urefu wote, kipenyo cha magurudumu makubwa, upana wa kibanda cha dereva, kimo cha ile nundu ya mgongoni, na zaidi ya yote kimo cha bomba la moshi, kuanzia linapoota mpaka mdomoni. Bomba ndilo uso wake. Nikikosea bomba nimemtengeneza mtu mwingine. Jina langu ndilo dhamana, na watu hawa hawasamehe hata msumari mmoja.

Baba kitandani alituachia neno moja tu, Shangazi mtunzeni. Mimi niko mbali, umemtunza wewe. Niache nami nifanye sehemu yangu.

Dada yako


11 Machi

Dada, shikamoo.

Barua imefika na tumeisoma sote, mama akiwa dirishani, mguu juu ya stuli. Mguu ndio huo huo, siku nyingine unamruhusu, siku nyingine unamgomea. Anakusalimu sana, na anasema ukipata nafasi umwandikie na yeye. Watoto wazima, wanakula kama mashine.

Shangazi hajambo. Nilipanda Jumamosi na tepu mdomoni, nikashuka mweusi tii, mke wangu akanikataza kukaa kwenye kochi. Vipimo hivi hapa. Urefu wote, mita kumi na sita kamili. Gurudumu kubwa sentimita 128. Kibanda 256. Nundu 32. Bomba la moshi 64, na hilo nimelipima mara mbili kwa sababu nakujua.

Hongera sana, dada. Baba angefurahi.

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Salamu za mapenzi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo, joto tu limetuweza. Shangazi anaendeleaje?

Vipimo vimepokelewa kwa makofi. Wamenivisha kilemba kikubwa, wananiita mwenye injini, na mimi nimekivaa bila haya. Lile bomba la 64 nilidhani ni refu zaidi, lakini nilikuwa mtoto, na mtoto haoni kifupi.

Nina ombi dogo. Mlete fundi picha hapo karakana akupige umesimama ubavuni mwa Shangazi, mwili mzima, yaani mwili wake yeye. Nitaibandika kwenye ukumbi wa chama. Wamechoka kunisikia nakusifu, sasa wakuone.

Dada yako


2 Agosti

Dada, shikamoo.

Natumaini ninyi wote wazima. Sisi tunasukuma siku. Mama alianguka bafuni mwezi uliopita. Hakuvunjika, lakini sasa anatembea na fimbo na usiku analalamika nyonga.

Picha imeshindikana kwa sasa. Mkuu wa karakana amepiga marufuku kamera, sijui anaogopa nini, na Shangazi mwenyewe wamemfunika turubai. Fundi picha naye kasafiri. Tuvute subira kidogo.

Mdogo wako


15 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo. Mimi sijui kama sijambo.

Sampuli imefika. Niliifungulia kazini, kwenye meza yangu, seti kumi na mbili za meno zikinitazama. Shangazi wa shaba, anakaa kiganjani. Nilifurahi kwa dakika nzima. Kisha nikahisi ninamjua, ila si kutoka relini.

Nikatoa barua yako ya Machi. 1600, 128, 256, 32, 64. Nikazigawa. Zote zinagawanyika kwa thelathini na mbili na hakibaki kitu. Chuma cha kweli hakiko hivyo. Chuma cha kweli kina nusu na robo na vipande vya kuudhi. Na hiyo thelathini na mbili naijua vizuri, kwa sababu ni yangu. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilitengeneza Shangazi wa makopo, urefu wake nusu mita. Baba aliniambia wa kweli ana kama mita kumi na sita, nikapiga hesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na mama akanichapa kwa kuchafua ukuta. Bomba nililifanya fupi kwa sababu kopo liliisha. Baba alicheka akasema nimemkata Shangazi shingo. Nililia siku ile mpaka kwikwi, na bomba likabaki hivyo hivyo.

Sasa lipo mbele yangu, la shaba, fupi vile vile.

Hukupanda popote. Ulikwenda kabatini kwa mama ukalipima dude langu la makopo, ukazidisha. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mimi dada yako, na nikakuombea makofi. Sitaki maelezo marefu. Nijibu kwa neno moja tu: Shangazi yuko wapi?

Mwezi wa kwanza kiwanda kinaanza kumimina shaba. Bado sijawaambia kitu.

Dada yako


30 Novemba

Dada, shikamoo.

Ulitaka neno moja. Hayupo.

Walimkata miaka sita iliyopita, mwezi wa nne baada ya kumzika baba. Ofisi kuu ilileta orodha ya chuma chakavu, na namba 31 ilikuwa katikati ya mapipa na reli zilizopinda. Mkuu wa karakana wa wakati ule, mtu muungwana, aliniuliza, “Huyu si wa mzee wenu? Niandikie barua moja tu, nitaipeleka juu wamtoe.” Barua moja, dada. Sikuiandika. Nilisaini asubuhi ile ile, hata chai sijanywa. Siku ya kumkata nilikaa ofisini nikajaza fomu. Sikutoka kumwona.

Usije ukasema nilitishwa. Hakuna aliyenitisha. Baba aliumwa miezi kumi na minne, na mimi ndiye niliyemgeuza, nikamwosha, nikamlisha. Kila asubuhi aliniuliza kama Shangazi amepakwa mafuta. Hata siku moja hakuniuliza kama nimelala. Wewe alikupandisha kibandani tangu una miaka sita. Mimi nilipoomba aliniambia nitaanguka. Ulikuja mazishini siku tatu, na siku ya pili ukanishika mkono eti twende tukamwangalie Shangazi, wageni wamejaa nyumbani na mama hajala. Nilipoweka saini ile nilisikia raha. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Raha yenyewe ilidumu kama juma moja.

Kisha ikaja barua yako: Shangazi hajambo? Nikajibu hajambo, nikisema nitakueleza barua ijayo. Barua ijayo ukauliza tena. Miaka yote hii unamuulizia yeye kabla ya mama. Nilikuandikia mama ameanguka. Itafute barua uliyonijibu hilo, ukiiona nitumie.

Ulipotaka vipimo nilikusudia kusema, lakini ulikuwa umeshatamka mbele ya watu ishirini na sita. Nikalishusha lile la makopo. Nilijiambia hakuna anayemjua Shangazi kukushinda wewe, kwa hiyo ulichotengeneza wewe hakiwezi kuwa mbali na kweli.

Nisamehe au usinisamehe, lakini usininyamazie.

Mdogo wako


19 Januari

Mdogo wangu,

Mama hajambo? Nyonga yake je? Namuuliza wa kwanza, na najua nimechelewa. Ndani ya bahasha hii mna barua yake peke yake. Usiifungue.

Hali yako wewe siiulizi.

Ungeniambia siku ulipomkata ningekulaani mwaka mzima, tungegombana, tungemaliza. Badala yake miaka sita nimekuwa nikimsalimia maiti, na wewe unanirudishia salamu zake. Halafu ukaniuza kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe. Hasira ninayo, na kwa kazi yangu fundi akiwa na hasira mtu anaondoka na meno yaliyopinda.

Kuhusu mama, umenipiga panapouma.

Jumamosi nilisimama chamani nikawaeleza yote, tangu makopo mpaka chuma chakavu. Hawa ni watu ambao mwaka juzi walirudisha injini kiwandani kwa ajili ya msumari mmoja uliokaa mbele kidogo. Nilitegemea wanitoe nje. Mwenye kiwanda akasema kalibu za kumiminia shaba zimeshakamilika, injini haipo, picha haina kichwa, sasa nani atakayejua? Mmoja wao, rafiki yangu niliyekuwa nikikaa naye kiti kwa kiti, akasema tumesubiri miaka kumi na moja, inatosha. Wakanyosha mikono. Ishirini na sita walitaka itoke hivyo hivyo. Mkono wa kukataa ulikuwa wangu peke yangu. Halafu wakaja mmoja mmoja kunipongeza.

Kwa hiyo mwezi wa tatu zinatoka mia mbili. Katika kila boksi mna kikaratasi kinachosema vipimo vimechukuliwa kwenye injini yenyewe. Niliwaomba wakitoe, wakasema vimeshachapwa. Watu watampanga rafuni mwao na wajukuu wao watakua wakijua ndivyo alivyokuwa. Mimi sitamnunua.

Nina jambo moja nalitaka kwako, na hili usinichezee. Mimi nilikuwa mtoto, siwezi kujiamini. Wewe ulipita chini ya bomba lile kila siku ya kazi kwa miaka tisa. Kaa chini, fumba macho, uniambie lilikuwa na kimo gani hasa. Nitakiandika kwenye daftari langu, japo hakitatoka humo. Usinipe cha kunifurahisha.

Dada yako


27 Februari

Dada, shikamoo.

Mama hajambo kidogo. Barua yake amesomewa na mke wangu, mlango umefungwa, na mimi sikuambiwa kilichomo. Anailalia chini ya mto.

Nimekaa kama ulivyoniagiza, si siku moja. Mwishowe nilikwenda nyuma ya bohari nikasimama pale pale. Pameota majani, na wamerundika matairi. Magurudumu nayaona vizuri, kwa sababu nilikuwa naegemea moja nikila mchana. Namba naiona, na ule mkwaruzo chini ya tatu. Lakini nikipandisha macho juu, naona la makopo.

Sikumbuki, dada. Ningeweza kukuandikia sabini na tisa na nusu, na kwa hiyo nusu ungeniamini. Sikumbuki. Miaka tisa nilipita chini yake, na sikuwahi kuinua kichwa nikalitazama.

Mdogo wako